Mpira Ambao Nyanya Hakuuona

Nilikaa siku tatu nikichagua filamu ya kumwonyesha nyanya. Alikuwa katika mwezi wa pili wa eda, amevaa nyeupe, hatoki nje ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, na tangu babu azikwe hakuwa amemtaja. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina muda wa kuogopa kila kitu. Niliogopa filamu ingemliza. Kisha nikaogopa isingemgusa kabisa.

Mwishowe nikachukua ya vichekesho, kuhusu wachezaji wa kwanza kabisa kulipwa kwa kucheza kandanda, zamani, huko Uingereza. Babu naye aliajiriwa katika ghala la bandarini, Mbaraki, kwa ajili ya mguu wake wa kushoto. Timu ya mpira ya kazini ilimtaka.

"Vichekesho, na mtu yumo edani?" shangazi akasema kutoka jikoni. "Kusoma kote huko!"

"Mwache," nyanya akamjibu. "Nataka kuona."

Baada ya alasiri nikaweka kompyuta yangu juu ya kigoda. Wanaume wenye masharubu waliteleza matopeni. Kipa alimeza filimbi ya refa. Mke wa nahodha alimkimbiza mumewe kwa mwiko. Sikucheka, nilikuwa nikiutazama uso wa nyanya, naye alitazama kama mtu aliye hospitalini akingoja kuitwa.

Saa nzima ikapita.

"Mwanangu, hawa watateza mpira saa ngapi?"

Nikaipeleka filamu mbele. Matope, ngumi, harusi. Hata kwenye mechi ya mwisho walionyesha watu wakishangilia tu. Nikaomba radhi mara tatu, nikaanza kueleza jinsi nilivyoichagua.

"Sikupata kumuona akiteza," akanikatiza. "Hata siku moja. Uwanjani kulikuwa kwa wanaume. Mimi nilifua jezi yake miaka yote ile. Kwa madoa yake nikijua ameanguka, nikijua ameangukia upande gani. Lakini huko alikuwa akifanya nini, sijui. Nilidhani leo nitaona."

Nikafunga kompyuta. Sijawahi kucheza mpira, na nilihofia kukosea hata hili, lakini nilivuta sinia ya kahawa nikaanza kupanga finjani juu ya mkeka. Hazikutosha. Shangazi akaleta vikombe vya chai, akaviweka chini.

"Huyu kipa. Hawa mabeki."

"Na babuyo?"

Nikaweka finjani moja upande wa kushoto, karibu na ukingo wa mkeka.

"Mbali hivyo?"

"Winga hukaa pembeni, nyanya. Anangoja apewe mpira."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Aliiinamia ile finjani. Kisha akalitaja jina la babu, taratibu, akaisogeza mbele kidogo kwa kidole.

"Haya," akasema. "Mpeni."

Kando ya sinia kulikuwa na sahani ya mabuyu. Nikachukua punje moja iwe mpira.