Viti Vyetu Vilipochukuliwa Kawangware

Ofisi yetu ilikuwa Kawangware, juu ya duka la rangi na misumari. Tulikuwa kampuni ya teknolojia, kwa hiyo tulikuwa na bango kubwa ukutani na intaneti iliyopotea kila mvua ilipotishia. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza: mteja anafungua programu yetu kwenye simu, anaagiza gesi ya kupikia, na mtu wa bodaboda anampelekea mtungi mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa wa kupokea simu za malalamiko. Nikitoka nyumbani kwa mama yangu Laini Saba, mtaani Kibera, asubuhi, nikifuata reli kisha njia za mkato, nilikuwa nikifanya mazoezi ya sauti ya upole, maana kufikia saa nne nitakuwa nimetukanwa na nusu ya Nairobi.

Wenzangu wa karibu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo kutoka magharibi mwa Kenya, mkazi wa papo hapo Kawangware, aliyepanga mitungi na watu wa bodaboda. Sote tulimwita Mathe, yaani mama. Wa pili alikuwa kijana wa Gatwekera, Kibera hukohuko, aliyeandika hiyo programu. Hakuwa mtu wa maneno. Akikasirika, alinyamaza zaidi.

Na bosi. Niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akikumbuka siku zetu za kuzaliwa na kuleta keki. Hata hilo jina bosi hakulipenda. "Mimi ni rafiki yenu tu," alisema. Shida ya rafiki yetu ni kwamba kila Jumatatu alikuja na wazo jipya alilolitoa kwenye video za wikendi, na kila wazo lilianza kazi siku hiyohiyo. Tulibadilisha jina la kampuni mara nyingi hivi kwamba mama yangu alifikiri nabadilisha kazi. Nina fulana za kampuni za rangi zote, sijanunua hata moja.

Wakati mmoja aliamua tuuze na mayai. Kijana wa Gatwekera alimweleza kwamba programu ilikuwa tayari imelemewa, kwamba kila akiongeza kitu kipya, kitu cha zamani kinaharibika. Bosi aliitikia kwa kichwa, kwa hisia. "Nimekusikia kabisa," akasema. Mayai yakaingia jioni hiyo.

Siku chache baadaye alinipigia simu mama mmoja wa Soweto East, jirani zetu wa Kibera.

"Msichana," alisema, "niliagiza gesi. Mbona nimeletewa trei ya mayai?"

"Samahani sana, mama."

"Sijakataa mayai. Nauliza tu, nitayapika na nini?"

Nilimpelekea malalamiko hayo bosi. Alinisikia kabisa.

Basi ikafika Jumatatu ya viti. Niliingia nikakuta chumba kimekuwa kikubwa ajabu. Meza zilikuwa zimeinuliwa juu ya matofali na viti vyote vimetoweka. Bosi alikuwa amesimama katikati, anang'aa.

"Watu wakikaa, na kampuni inakaa," alisema. "Kuanzia leo tunasimama. Mtaona vile tutakimbia."

"Bosi, mimi miguu yangu hufura," Mathe alimwambia.

"Utazoea, Mathe. Jipe muda."

Hatukuzoea. Kusema na mteja mwenye hasira ukiwa umekaa ni kazi. Ukiwa umesimama ni adhabu. Nilikuwa nikifika nyumbani naingiza miguu kwenye karai la maji ya moto na chumvi, na mama yangu ananitazama bila kuelewa.

"Hebu niambie tena," aliuliza. "Hiyo ni kazi ya kompyuta ama ya mjengo?"

Mathe ndiye aliyechoka kwanza. Asubuhi moja alipanda ngazi akiwa na stuli yake ya jikoni kwapani, ile ya kukalia ukisonga ugali. Akaiweka chini, akakaa, akaanza kazi. Bosi alipita, akaitazama stuli, akaingia ofisini kwake.

Hiyo stuli ilitufungua macho. Kesho yake kila mtu alikuja na chake. Mimi niliazima kiti cha plastiki kanisani kwetu, nikakibeba kichwani kutoka Laini Saba, na watu njiani wakiniuliza harusi ni ya nani. Kijana wa Gatwekera alikuja na tairi kuukuu lililofungwa nyuma ya bodaboda, akaliwekea mto juu. Msichana aliyetunza hesabu za kampuni alikalia kreti ya soda. Tulicheka mpaka muuza rangi wa chini akapanda kuuliza kama tuko sawa. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nilisikia raha kuwa pale.

Tukiwa bado tunacheka, mlango ukafunguliwa. Bosi aliingia na wageni. Walikuwa wawekezaji, watu wa kuamua kama kampuni itaendelea kuishi, na kama kawaida alikuwa amesahau kutuambia. Mbele yao alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani. Akatazama stuli, akatazama tairi, akatazama kiti changu chenye jina la kanisa mgongoni.

Bosi hakupoteza hata sekunde. "Huu ndio utamaduni wetu," akasema. "Kila mtu analeta kiti chake, ajisikie nyumbani."

Msichana wa hesabu alikohoa kwa nguvu ili asicheke. Yule mwanamke akamgeukia Mathe.

"Ni kweli?"

Mathe alimtazama bosi kwanza, si kwa ubaya, kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Hapana," akasema. "Viti vyetu vilichukuliwa. Tulisema tunaumia, hatukusikizwa. Ndio tukajiletea."

Yule mwanamke akauliza, "Kuna mengine mlisema?"

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilisikia sauti yangu ikisimulia habari ya mama wa Soweto East na trei yake, neno kwa neno. Mwanamke yule alicheka mpaka akavua miwani. Kijana wa Gatwekera naye akafungua mdomo, akaeleza kilichokuwa kikiiua programu, kwa sentensi nyingi kuliko nilizowahi kusikia kwake. Wageni walisikiliza, wakashukuru, wakashuka ngazi. Bosi akajifungia.

Tulijua tumefutwa kazi. Mathe alianza kukusanya vikombe vyake.

Baada ya chakula cha mchana bosi alitoka, akakaa kwenye tairi. Lilikuwa chini sana. Magoti yalimfika kidevuni.

"Si mngeniambia," akasema.

"Tulikuambia," Mathe akajibu.

"Lini?"

Hapo tuliongea sote kwa pamoja, kila mtu na lake, hata mtu mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekuja kuchukua mtungi. Bosi aliinua mikono.

"Pole pole! Mmoja mmoja. Mayai je, niyatoe?"

"Leo," kijana wa Gatwekera akasema.

Yakatoka siku hiyohiyo. Viti vyetu vilirudishwa kutoka stoo ya duka la chini, baadhi vikiwa na madoa ya rangi ya bluu. Na bosi akasema samahani. Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka.

Natamani niseme kampuni ilipona. Haikupona; wale wageni hawakurudi, na tulikuwa tumechelewa. Lakini miezi iliyobaki ilikuwa mizuri kuliko yote, kwa sababu tukisema jambo, lilifanyika. Mwisho ulipokaribia, bosi alitueleza mwenyewe, mapema, uso kwa uso, na siku ya kufunga tulikula chapati na maharagwe pamoja ngazini.

Siku hizi Mathe ana duka lake la gesi Kawangware, nami ni mshirika wake. Tunabishana karibu kila siku, na mara nyingine mimi hushinda. Kijana wa Gatwekera ameajiriwa mjini na huja kutuona.

Mwaka jana bosi alinipigia. Naye sasa ameajiriwa, kwenye kampuni kubwa.

"Aki nateseka," alisema. "Bosi wa huku anataka tuimbe wimbo wa kampuni kila asubuhi. Na makofi!"

Nilikuwa nimeweka simu kwa spika. Mathe alikuwa ameziba mdomo na leso, mabega yanatetemeka.

"Mwambie aje Jumamosi," akanong'ona.

Alikuja. Alikula sahani mbili za githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akatuimbia ule wimbo wote pamoja na makofi, na majirani wawili wakatoka nje kusikiliza. Kisha akanunua gesi, akaupakia mtungi kwenye bodaboda, akaondoka akitupungia mkono.