Sweta Lililokwama Masikioni

Nilipoolewa niliondoka Rhotia na sifa moja mbaya: sijawahi kumaliza sweta. Mwalimu wetu wa kufuma pale kanisani alikuwa na subira kwa kila mtu isipokuwa mimi. Wenzangu walifuma kofia na soksi za watoto. Mimi nilifuma mgongo usio na kifua, na mkono usio na mwenzake. Mama alitumia vipande vyangu kushikia sufuria za moto, akasema nina mikono ya kuanza tu. Nilicheka pamoja nao, lakini iliniuma. Nilitaka, kabla sijafa, nimwone binadamu mmoja akitembea ndani ya sweta nililofuma mimi.

Mume wangu alikuwa mnyapara wa vibarua wa barabara, na miaka miwili kabla ya Uhuru tulipewa chumba cha bati juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kule ukungu huingia ndani bila hodi. Sindano za kufumia nilikuwa nimeziacha nyumbani, kwa hasira. Wiki ya pili baridi ilinishinda, nikachomoa spoku mbili za baiskeli ya mume wangu na kuzinoa kwenye jiwe. Nilidhani mbili hazitajulikana. Alipoteremka nayo Karatu gurudumu lilicheza ngoma njia nzima, na bado aliporudi alikuwa na bunda la sufu nyekundu mkononi.

“Maadamu nimeanguka,” alisema, “angalau tupate sweta.”

Nilimpenda mtu yule kupita kiasi.

Wekundu ule ndio uliomvuta mama wa Kimasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi kutoka boma la jirani. Alikuwa na umri wa mama yangu, nami nilimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Alikaa, akagusa sufu, akaniuliza ni ya nani. Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Ni yako.”

Nilimpima kwa kamba alipokuwa akinywa chai: kifua, mgongo, mikono. Kisha nikafuma. Siku nyingine nilikwenda kama mashine. Siku nyingine kitanzi kimoja kilichopoka kikateremka hadi kwenye pindo, nikafumua kazi ya siku tatu. Mkono wa kushoto ulitafunwa na ndama hadi kiwiko. Lakini bandu bandu huisha gogo, na mwezi wa tatu sweta likaisha, na shingo yake ya kubana kama tulivyofundishwa. Nilizunguka nalo chumbani nikirukaruka peke yangu.

Asubuhi yeyo akaingiza kichwa, nami nikavuta. Paji la uso likapita, macho yakapita. Kisha likagoma. Masikio sikuwa nimeyapima. Nani hupima masikio? Ya yeyo yalikuwa yametobolewa na kurefushwa, na kila moja lilining'iniza pambo la shaba lililoviringwa, pana kama kisahani. Shaba ilikuwa imenasa kwenye vitanzi, sweta haliendi mbele wala halirudi nyuma.

“Yeyo, tuvue mapambo kidogo tu.”

“Mume wangu yuko hai,” ilijibu sauti kutoka ndani ya sufu.

“Sijasema amekufa.”

“Nikivua, nitakuwa nimesema mimi.”

Nikaelewa. Kwao mke hayavui yale mume angali hai. Kuyavua ni kumlilia. Na mume mwenyewe alikuwa hai kabisa, amesimama nje na fimbo yake, akiuliza kama maziwa bado yanapimwa.

Tukajaribu samli. Tukajaribu kuzunguka. Yeyo akaanza kucheka humo ndani, sweta zima likatikisika, nami nikacheka hadi nikakaa chini. Kisha nikaona ndewe ya sikio lake imevutika na ngozi inaanza kuchanika. Kicheko kikaniisha. Nikachukua mkasi. Lilikuwa sweta pekee nililowahi kumaliza, na lilikuwa halijavaliwa robo saa. Nikalikata kutoka shingoni hadi kifuani.

Uso ukatokea, umejaa samli na machozi ya kucheka. Nilidhani atalivua. Yeye akaingiza mikono, akashika mpasuko kwa kiganja, akatoka nje kumfuata mumewe. Baadaye alishonea kingo zile ukanda mwembamba wa ngozi.

Siku chache zikapita, akarudi na mke mwenzake, mdogo wake kwa miaka mingi, mikono ameikunja kifuani.

“Langu lini?” aliuliza.

Furaha iliyonipata sijui niieleze vipi. Nikamwambia lake nitaliacha wazi mbele tangu mwanzo, kwa vifungo. Akakataa. La mwenzake lilifumwa zima, likavaliwa, likakatwa. Na lake liwe hivyo hivyo. Nikamgeukia yeyo anisaidie.

“Bomani tunagawiwa sawa,” alisema yeyo. “Lake likiwa zuri kuliko langu, hatutalala.”

Basi nikafuma miezi miwili, shingo ya kubana, huku nikijua mwisho wake. Ajabu ni kwamba sijawahi kufuma vizuri kama vile. Hakuna kitanzi kilichochopoka. Siku ilipofika alipiga magoti mbele yangu, akaingiza kichwa, masikio yakakwama kama ilivyotakiwa, akatulia humo ndani akisubiri. Yeyo akanipa mkasi. Nikasimama nikilitazama sweta lile, jekundu, zima, halina kosa hata moja.

“Kata, dada,” ilisema sauti kutoka ndani. “Mwenzangu anaangalia.”

Nikakata, nikicheka, na machozi yaliyonitoka hayakuwa ya kicheko peke yake.