Tiketi ya Octave Iliyoganda Mvuani

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Octave hamwachii mtu mwingine nafasi ya kulisema. Aliwanunulia wenzake soda kusherehekea faida ya tiketi ya mchezaji ambaye, chupa zilipokuwa zinafunguliwa, alikuwa ameshashindwa na pengine ameshaoga.

Sasa ni saa tisa alasiri, Salamabila, mashariki mwa Kongo. Octave ameketi juu ya pikipiki yake pale barabara inapopanda, mahali pekee ambapo mtandao hauna kiburi. Wachimbaji wa dhahabu bado wako mashimoni, abiria hakuna. Kwenye simu yake hakuna picha, ni namba tu zinazopanda na kushuka. Huko mbali, watu wawili asiowajua wanapigiana mpira wa tenisi.

"Huyu aliharibu mwanzo," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini akianzisha mupira, iko na nguvu. Watu wamemukatia tamaa. Ni hapa naingilia."

Wenzake wanaocheza pari, yaani kamari ya michezo, huchagua mshindi, kisha wanaomba Mungu. Octave hununua tiketi ya mchezaji mzuri aliyeanza vibaya, wakati kampuni ya kamari inaahidi malipo makubwa akishinda. Mchezaji akizinduka akapata pointi kadhaa, thamani ya tiketi hupanda, na Octave huiuzia kampuni tena papo hapo, mchezo ukiwa bado unaendelea.

"Mimi sihitaji ashinde," anaeleza. "Nahitaji ainuke kidogo tu, nimuuzishe."

Hajawahi kuona uwanja wa tenisi. Raketi pekee aliyoshika maishani ni ile ya umeme ya kuulia mbu.

Alizaliwa Wamaza, katika familia ya wakulima. Alikuja Salamabila kutafuta dhahabu, akapata matope, akaamua heri awabebe wanaoitafuta. Pari alianza na mpira wa miguu kama kila mtu, lakini mechi kubwa husubiri mwisho wa juma. Tenisi huchezwa hata Jumanne, na Jumanne nayo watu wanakula.

Mwezi mzuri, anasema, tiketi humwongezea kama dola hamsini juu ya nauli. Na mwezi mbaya?

"Mwezi mubaya inakula mafuta ya moto," anajibu, akilipigapiga tangi la pikipiki yake, ambayo hapa huitwa moto, kama anayeiomba radhi.

Mbaya kuliko yote ulikuwa ule wa soda. Yeye, mkewe Nsimire na mtoto wao Olga wanaishi chini ya turubai tangu upepo ulipong'oa paa lao la majani. Katika simu ya Octave zilikuwamo dola sitini, akiba ya kununulia manjanja, yaani mabati. Akaziweka zote kwa mchezaji mmoja.

Mchezaji akainuka kweli. Tiketi ikafika dola tisini. Octave akabonyeza kuuza, na wakati huohuo mvua ikashuka. Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka, kisha namba zikatulia palepale: tisini. Akaamini ameuza, akaagiza soda. Mtandao uliporudi, mchezo ulikuwa umekwisha, mchezaji wake ameanguka, na tiketi ilikuwa haijauzwa kamwe.

Nsimire alisogeza sufuria pale turubai linapovuja, akamwachia mumewe alale upande wa maji.

Tangu hapo akiba ya mabati hukaa kwa Nsimire, ndani ya kopo, pamoja na faida ya mikate anayokaanga. Octave huchezea nauli ya safari moja tu. Naye Ushindi, mnunuzi wa dhahabu mwenye meza jirani na anapoegesha Octave, hajachoka bado kumtania.

"Patron, mawingu iko inakuya," humwambia, akimwita bosi kwa kejeli, kila mbingu zikitia giza. "Soda iko wapi?"

Lakini leo Octave ana mpango. Anataka antena ya setilaiti, kama ile ya wanunuzi wakubwa wa dhahabu, asitegemee tena mtandao wa mlimani. Madereva wenzake watalipia kuitumia, na yeye atauza tiketi zake kwa wakati. Kinachokosekana ni lile kopo, ambalo sasa limekaribia kutosha nusu ya mabati.

Nsimire anapofika na beseni la mikate, Octave anamweleza yote, pole pole, kama mtu anayepita daraja bovu na abiria mgongoni. Hata Ushindi, kwa mara ya kwanza, anamuunga mkono: wazo si baya, faida ingerudi.

Nsimire anasikiliza huku akimfungia mteja mikate. Hakatai. Anauliza tu.

"Baba Olga, antena wanaiwekaka wapi?"

"Juu ya nyumba," Octave anajibu haraka, akidhani amekubaliwa. "Juu kabisa, Mama Olga, kusikuwe kitu ya kuifunika."

"Na yetu iko na juu?"