Kitunga cha Mama kwa Mzungu wa Kahawa

Sisi tuliokulia Birere, hapa Goma, wakati simu ilikuwa kitu cha posta na si cha mfukoni, tulifundishwa sheria moja kabla hata ya kufundishwa kunawa uso: mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Ukitumwa kwa jirani kuomba moto, ulibeba angalau viazi viwili. Watoto wa siku hizi wanakuja kukutembelea na chaja, na swali lao la kwanza ni kama umeme upo. Siwacheki sana, maana sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoniaibisha mimi nikiwa darasa la nne.

Mwalimu alitutangazia kwamba ile nyumba kubwa ya Himbi, kando ya ziwa, iliyokuwa ya mzungu mmoja wa kahawa, ingefungua milango mwisho wa juma, watu waione bure pamoja na bustani yake. Nilifika nyumbani nikamwambia mama kwamba tumealikwa kwa mzungu. Neno makumbusho sikulitaja kwa sababu sikulijua. Mama akaacha kuchambua maharage. Asubuhi alinipaka mafuta hadi nikang'aa kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa kukaanga, kisha akanikabidhi kitunga chake. Kitunga ndicho kikapu chetu chenye kifuniko. Hiki alipewa siku ya harusi yake, na ubavuni kilikuwa na kiraka cha uzi mwekundu. Ndani yake alikuwamo kuku mzima, aliyeletwa na shangazi kutoka Kibumba, ambaye sisi watoto tulikuwa tumeshagawana mapaja yake kwa mdomo.

"Umupatie mwenye nyumba mwenyewe," mama akaniambia. "Usiachie boyi."

Mwalimu aliponiuliza nimebeba nini, nilisema chakula, na sikudanganya. Tulivua viatu mlangoni. Sisi tuliozoea kutembea juu ya mawe meusi ya volkano tulikutana na sakafu ya mbao iliyopakwa nta, tukaanguka mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na meza iliyoandaliwa sahani kumi na mbili bila chakula chochote, jambo lililotuhuzunisha sana. Mimi nilikuwa namtafuta mwenye nyumba. Nilimtafuta saluni, yaani sebuleni, nikamtafuta ofisini, nikachungulia hata bafuni. Mwishowe nikamuuliza muongozaji wetu, papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee, mwenye tai shingoni. Akanionyesha picha ukutani. Na bibi yake je? Picha nyingine. Na watoto? Picha. Hata mbwa wao alikuwa ukutani.

Nikasimama mbele ya picha na kuku wangu, sijui la kufanya. Zawadi ikirudi nyumbani maana yake imekataliwa, na mama angeumia. Kuku naye alikuwa amechoka kungoja. Tulipofika chumba cha kulala, muongozaji akatuomba tunyamaze tusikie saa ya kale ikigonga, na ndipo kifuniko kikainuka. Kuku aliruka juu ya kitanda cha mzungu, akaacha pale kitu ambacho sitakitaja, akatoka nje kupitia dirishani. Kule bustanini papa mtunza maua alimkimbiza katikati ya waridi mpaka wote wawili wakaingia kwenye kidimbwi cha samaki. Papa alitokea upande huu, kuku akatokea upande ule, na hakuonekana tena. Mwalimu alipouliza kuku ni wa nani, mimi nilikuwa nimeshasukuma kitunga chini ya meza ya jikoni, nami naangalia dari kwa makini.

Jioni mama alikuwa mlangoni. Ulimpatia? Nilimpatia. Alisema nini? Nikasema alisema aksanti, kuku ni mnene. Na kitunga? Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, kwa sababu sheria ile ina nusu ya pili: aliyepokea kikapu hukirudisha mwenyewe, tena hakirudishi kitupu. Nikajibu kwamba mzungu atakuja nacho Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema sisi.

Jumamosi hiyo mama alifagia kiwanja, akavaa kikwembe, kitenge chake cha Pasaka, akatoa nje kiti kizuri. Jumamosi iliyofuata vilevile. Nilimtazama ameketi kando ya kiti kisicho na mtu, na moyo uliniuma kweli, ila woga ulizidi. Baada ya miezi miwili alikirudisha kiti ndani na kutoa hukumu kwamba wazungu hawakulelewa. Tangu siku hiyo, gari la mzungu likipita, alichungulia kiti cha nyuma.

Miaka ikapita, kisha volkano ikashuka ikala nyumba yetu. Mama alikimbia na Biblia na kifuniko cha sufuria. Sufuria yenyewe aliisahau. Kitanda, vikwembe, picha ya harusi, vyote vilibaki chini ya mawe.

Juzi nyumba ya Himbi ilifungua tena milango yake, na mama, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akasema twende, ana jambo la kumuuliza yule mzungu. Nilimwambia mzungu alikufa zamani. Akasema basi atawauliza watoto wake. Mimi nina mvi na watoto wanne, lakini nilikwenda Himbi nikiburuta miguu nyuma yake kama mtoto wa darasa la nne.

Muongozaji wa sasa ni kijana mwenye simu mbili. Vijana wenzake walikuwa ndani ya bafu la mzungu, wamevaa viatu, wamebinua midomo, wanajipiga picha. Tukafika jikoni. Ukutani, nyuma ya kioo, kilining'inia kitunga chenye kiraka cha uzi mwekundu, na chini yake karatasi ya Kifaransa: kikapu cha kale, mwenyewe hajulikani. Kijana akaanza kutueleza jinsi wazee wa zamani walivyokitumia.

"Muzee wa zamani ni mimi," mama akasema.

Nikaungama yote papo hapo: picha, kitanda, kidimbwi, meza. Kijana aliacha kuangalia simu zake, zote mbili. Mama alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea fimbo, nami nikangoja fimbo ibadilishe kazi. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Vitu yangu yote volkano ilikula," akasema polepole. "Hii moja ilipona juu ya uongo yako."

Nililia, sifichi. Kijana, kwa huruma, akasema ataomba wakubwa wake wakirudishe. Mama akakataa. Pale kina kioo na paa zuri, kikae. Ila jina lake liandikwe, na mtu wa nyumba hiyo aje kwake Jumamosi, kama ilivyo desturi.

Jumamosi nilimkuta amefagia, amevaa kikwembe chake, kiti kizuri kiko nje. Moyo ukaanza kuniuma kwa mazoea. Saa tisa yule kijana akatokea, mikono mitupu isipokuwa chaja, na baada ya salamu akauliza kama umeme upo. Enzi zetu tungemsema mwaka mzima. Sisi tulibeba kuku hadi kwa marehemu. Hawa hawabebi hata kiazi kwa walio hai, na wakati mwingine naona kama sheria ile nayo ilibaki chini ya mawe. Lakini mama alimketisha kwenye kiti, akaichomeka ile chaja kwa mkono wake mwenyewe, kisha akanigeukia.

"Ulisema atakuya siku ya posho," akaniambia. "Amekuya."