Mpira wa Kurudi Nyuma

Harufu ya mpira wa ndani wa tairi la lori hunirudisha Kasungami, mtaa wetu wa Lubumbashi, hata leo, tena bila kuniuliza kama nina nafasi. Baba yangu, Kasongo, alikuwa fundi wa gereji asubuhi na kocha wa kandanda jioni, katika kolezi ya mapadri, shule ya sekondari ya wavulana iliyokuwa nyuma ya mashamba ya mahindi. Mipira ya matairi iliyotoboka aliikata vipande virefu kama mkono, akaviloweka katika maji ya chumvi, kisha akavitundika nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na mwiko wa bukari, yaani ugali. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyake vya kufundishia. Mchezaji aliyepoteza mpira alichapwa viboko viwili mapajani. Aliyeurudisha nyuma alichapwa vinne. "Mupira hairudie nyuma," alikuwa akisema. "Nyuma iko mama yako, mbele iko goli." Kipa alipiga mbali, wote wakakimbia, na mwenye mifupa migumu ndiye aliyefika. Tulishinda sana kwa mtindo huo, nisiseme uongo, na mtaa mzima ulimpenda baba kwa sababu timu yake ilitoka uwanjani na damu puani na kombe mkononi.

Kipa mwenyewe alikuwa kaka yangu Ngoy, niliyemwita yaya kama tunavyomwita kwetu kila aliyetutangulia kuzaliwa. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na mmoja. Kuwa mtoto wa kocha hakukumpunguzia kiboko hata kimoja, kwa maana baba hakutaka aambiwe anapendelea, basi alimchapa uwanjani mbele ya wenzake na kumchapa tena nyumbani ili kumbukumbu isipotee. Mwanzo wa kiangazi mwaka ule, baridi ikianza kuuma asubuhi, baba alimpiga beki mmoja hadi akazimia juu ya mstari wa chokaa. Padri mkuu wa shule alimwondoa siku hiyohiyo. Timu akapewa Mwalimu Tshimanga wa hesabu, kijana mwembamba mwenye miwani, ambaye babu yake alikuja Lubumbashi kutoka Kasai. Baba alipopata habari alivunja kiti kimoja, akakaa juu ya kingine, akasema tutaona.

Tukaona. Tshimanga hakuwa na kiboko. Alichora pembetatu kwenye vumbi jekundu kwa kijiti, akawapanga vijana kwenye pembe zake, akawaambia wapeane mpira mfupi, chini, bila haraka, na wakibanwa waurudishe kwa kipa. Nilikwenda kuwatazama kila siku, na jioni ya kwanza nilimsikia akimwambia Ngoy, "Weye njo unaanza kazi, haiko unamaliza," yaani kipa ndiye anayeanzisha mchezo. Yaya alirudi nyumbani uso unang'aa. Tangu siku hiyo alijifunza kucheza kwa miguu nyuma ya choo chetu, mimi nikimrushia mpira na yeye akinirudishia taratibu hadi kwenye vidole vyangu vya miguu. Baba alipotukuta alivuta kipande kutoka mlangoni, akampiga Ngoy mgongoni hadi shati likashikamana na ngozi, na mama akalilowesha kwa maji ya uvuguvugu ili libanduke. Wagombanapo fahali wawili ziumiazo nyasi, wanasema wahenga, ila hapa fahali alikuwa mmoja tu na yule mwingine alikuwa anasahihisha madaftari ya hesabu kwake.

Timu ikaanza kushinda bila kutoka damu. Tukafika fainali, na klabu moja kubwa ya mjini iliahidi kutuma mtu amtazame Ngoy siku hiyo. Akichukuliwa, angelala kambini kwao na kula kwao, asingepita tena penye ule mlango wa jikoni. Aliniambia hivyo mara moja tu, kwa sauti ndogo, na nilielewa kwamba kwake fainali haikuwa kombe.

Ilichezwa kwenye uwanja ulio kando ya barabara ya kwenda Kinsevere, ambako lori za madini ya shaba hupita zikiangusha mawe yenye kutu ya kijani. Baba alipanda juu ya kichuguu kilicho kwenye kona, akanipandisha nami, akanishika mkono. Nilimpenda baba. Nalisema wazi kwa sababu bila hilo, nililolifanya halitaeleweka. Tulipata bao moja mapema, na zilipobaki dakika kumi vijana wa Tshimanga wakaanza kuuficha mpira: pasi sita, pasi saba, wapinzani wakikimbia kama kuku waliofunguliwa, kisha beki akaurudisha kwa Ngoy. Watu wakaguna. Ukarudi tena kwake, wakaguna zaidi. Mtaani kwetu mpira wa kurudi nyuma ulikuwa na maana moja tu, kwamba mechi imeuzwa, kwa sababu miaka yote ile baba hakuwa amefundisha wavulana peke yao, alikuwa ameufundisha mtaa mzima. Mara ya tatu aliachia mkono wangu, akaweka viganja mdomoni. "Balishakula falanga!" akapaza sauti, kwamba wamekula pesa za hongo. "Banauza mupira!"

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku ile mamia ya macho hayakutazama. Walivamia uwanja kuipiga timu yao wenyewe iliyokuwa inaongoza. Walimkamata Tshimanga kwenye benchi, wakamvunjia miwani usoni kwa ngumi, wakamwangusha, wakampiga mateke mbavuni, na mmoja akang'oa ubao wa benchi akampiga nao begani hadi ukavunjika. "Arudie kwabo!" walipiga kelele, wakimaanisha Kasai. Kwao kulikuwa njia tatu kutoka kwetu, na alizaliwa hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Ngoy akaacha goli, akapenya katikati ya miguu, akajilaza juu ya mwalimu wake. "Muache mwalimu!" alilia. "Tuko nashinda!" Hapo mawe yakaanza. Kila aliyekuwa juu ya kichuguu aliokota na kurusha, na mimi nikaokota langu, la kijani, zito kuliko nilivyotarajia, nikalirusha kwa nguvu zangu zote kuelekea kwa yule mwembamba aliyemnyang'anya baba kazi. Nilirusha na nilifurahi. Kisha Ngoy akainua uso, akaushika kwa mikono miwili, na damu ikapita katikati ya vidole.

Mwamuzi alivunja mchezo, kombe likapewa wapinzani. Mtu wa klabu alikuwa ameshapanda pikipiki na kuondoka mawe yalipoanza. Hospitalini walilitoa jicho la kushoto la yaya, na Tshimanga, mbavu zikiwa zimefungwa bandeji, alikuja kukaa kando ya kitanda chake kabla hajahama mji. Baba hakuomba radhi. Siku moja tu tulikuta vile vipande havipo tena nyuma ya mlango.

Leo katika uwanja uleule wa kolezi Ngoy anafundisha watoto, na mpira ukirudi kwa kipa wazazi wanapiga makofi. Juzi tulikuwa kwa baba tukitazama mechi kwenye televisheni. Baba amezeeka, mikono inatetemeka. Beki akarudisha mpira, kipa akautuliza akaupeleka pembeni, na baba akatikisa kichwa kwa furaha. "Ule kipa iko na akili," akasema. "Njo mupira ile." Nilitaka kumtupia kikombe. Ngoy aligeuza shingo yote, maana bila hivyo haoni upande ule, akamtazama, akasema, "Eeh, baba," akammiminia chai.

Mimi nilikuwa nimekalia mkono wangu, ule uliorusha jiwe. Nimemchukia baba miaka mingi kwa ajili ya jicho lile, na chuki hiyo imenifaa sana, imenikinga nisijiulize mengine. Mawe yalikuwa mengi na sitajua kamwe lipi lilikuwa lipi. Ngoy anakumbuka tu kwamba lililompata lilikuwa la kijani, na hajui kwamba nami nilirusha. Jumapili nitampelekea karatasi hizi azisome yeye kwanza, kwa jicho lililobaki.