Imeshika

Neno lililotaka kuniulia mume nililisema mwenyewe, tena kwa mkato, maana nilikuwa na hasira. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya kazi. Fremu ya baiskeli ilikuwa mezani, na pale shingoni, mabomba yanapokutana chini ya usukani, nilikuwa nimepiga pointi tatu tu, vidonge vidogo vya chuma vya kushikilia kwa muda, kama fundi cherehani anavyoshikiza kitambaa kabla hajakishona. Mume wangu akachungulia mlangoni.

"Fundi, imeshika?"

"Imeshika."

Nilimaanisha haitadondoka akiisogeza. Yeye alisikia kazi imekwisha. Nyumbani kwetu Mabwerebwere mchomeleaji ni mimi. Yeye hupaka pati ya kuziba mianya, hupiga msasa na rangi, halafu hufunga magurudumu. Kwenye mambo ya chuma hanibishii, na hilo lilikuwa limenivimbisha kichwa miaka mingi.

Siku hiyohiyo nikaitwa msibani Ruhembe. Niliporudi asubuhi ya siku ya nne, nyumba ilikuwa kimya na meza ya karakana tupu. Kakakuona wangu naye hakuwepo, yule niliyemuunda kwa majembe chakavu, gamba kwa gamba, mzito kama madebe mawili ya mahindi. Mwenye duka la vinyago kule Mikumi alikuwa akimsubiri. Nikaangalia simu, nikakuta ujumbe ulioingia nikiwa njiani: "Kakakuona nampeleka mwenyewe kwa baiskeli yako mpya. Acha Mikumi waione."

Shingo ile ilikuwa bado na pointi tatu tu. Nikampigia, hapatikani. Njia ile naijua. Ukishapita Ulaya, Ulaya yetu hii ya Kilosa, isiyohitaji ndege, kuna mteremko wa changarawe, na mume wangu hajawahi kukutana na mteremko akakumbuka kwamba breki zipo. Asubuhi ileile basi langu lilikuwa limepita hapo. Huenda tulipishana mimi nikikoroma dirishani.

Jirani yetu mwenye bodaboda alikuwa anakunywa chai. Sikumwacha amalize.

"Mama, tutafika, ila usinibane mbavu," alisema tukiwa njiani. Nikazidi kumbana.

Mbele yetu niliona watu wamekusanyika katikati ya barabara, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, kumbe walikuwa wafugaji wanavusha ng'ombe. Ikabidi tusubiri mpaka wa mwisho avuke, na huyo wa mwisho alisimama katikati akatutazama, hana haraka na maisha. Nilimchukia ng'ombe yule kama mtu.

Pale Ulaya kulikuwa na bibi anauza ndizi. Nikamwuliza nikiwa bado juu ya pikipiki kama amemwona mtu mwenye baiskeli nyekundu, amebeba mnyama wa chuma. Bibi akaendelea kupanga ndizi zake.

"Kwenu hamsalimii?"

Nikashuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo, bibi."

"Huyo mwenzako ana adabu. Ameniamkia, na mnyama wake amenionyesha. Amepita sasa hivi, ameuliza kama kule kwenye mteremko kuna mashimo."

Sikumbuki kama niliaga. Tulimkuta juu kabisa, pale barabara inapoanza kuinama. Alikuwa ameshapanda, mguu mmoja chini, anavuta kamba ya mzigo ili ikaze. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza.

"Shuka!"

Akageuka, uso umechangamka. "Fundi! Umenifuata? Ndiyo umenikumbuka hivyo?"

"Baba watoto, nakuomba, shuka!"

Akashuka huku anacheka. Nikaomba spana kwa jirani, nikagonga shingo ya fremu. Chuma kilichounganika vizuri hulia. Hiki kilikohoa. Nikagonga tena, rangi ikapasuka kuzunguka bomba lote na pati ikadondoka vipandevipande. Kati ya zile pointi tatu, mbili zilikuwa zimeshakatika.

Jirani aliguna tu. Mume wangu akatazama ile pointi moja iliyobaki, akatazama mteremko. Nilisubiri anitukane. Ningemshukuru.

"Huo uwazi niliuona," alisema taratibu. "Wakati napaka pati niliuona. Ila wewe ulishasema imeshika."

Nilikaa chini pembeni ya barabara, nikalia kwa aibu na kwa woga, kamasi na machozi, mbele ya jirani. Kakakuona alifika Mikumi kwa basi. Baiskeli tuliirudisha kwa kuikokota, kila mmoja ameshika upande wake, na njia nzima hakunilaumu hata kidogo, jambo lililozidi kuniumiza.

Kesho yake nilisaga ile shingo mpaka chuma kikawa cheupe, nikaichomelea upya pande zote. Nilipovua miwani, yeye alikuwa amesimama palepale mlangoni.

"Fundi, imeshika?"

Nikampa spana. "Gonga mwenyewe, usikie."

Akaipokea, akaiweka mezani bila kugonga.

"Wewe sema tu," alisema.

Nikaichukua ile spana, nikaigonga fremu mwenyewe. Ililia vizuri. Nikagonga tena, na tena, na yeye bado amesimama, anasubiri niseme.