Sufu Chini ya Mchicha

Niliolewa Chumbageni, mjini Tanga, nikitokea Lushoto, ambako ukichimba kidogo tu unakutana na unyevu. Uwanja wa nyuma wa nyumba ya mume wangu ulikuwa mchanga mtupu. Ukiumwagilia asubuhi, adhuhuri umeshakauka. Na maji yenyewe yalikuwa ya shida, bomba lilitoka siku lilipotaka.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Madukani hakukuwa na sukari wala khanga, na nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Serikali ilikuwa ikiwasaka walanguzi, mgambo wakiingia majumbani na kupekua mpaka chini ya vitanda. Tulisikia habari za watu waliokutwa wamefukia bidhaa ardhini wakachukuliwa. Ukionekana na jembe uwanjani kwako, watu walikutupia jicho.

Mimi nilichimba. Baba yangu alifuga kondoo wa sufu kule milimani, na gari lililokuwa likija kuinunua lilikuwa limeacha kuja kwa kukosa mafuta. Mama akawa anaifukia chini ya kabichi, hasa ile chafu ya tumboni na mkiani, kwa kuwa inanyonya maji na kuyaachia polepole, na ikioza inakuwa mbolea. Nilipokwenda kumjulia hali nilirudi na magunia ya sufu hiyo. Kwenye kizuizi cha Pongwe tuliteremshwa basini. Askari aliyadunga magunia yangu kwa nondo, akainusa nondo, akanitazama kwa kinyaa, akaniambia nipande.

Mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, alilalamikia harufu lakini hakunikataza. Nilichimba mitaro, nikatandaza sufu, nikailowesha na kuifunika, juu nikapanda mchicha na nyanya. Mchicha ulichipua vizuri. Nikaanza kuuza mafungu mlangoni.

Alasiri moja mume wangu akiwa kazini bandarini, walikuja. Mbele alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, nyuma yake mgambo wenye majembe na mkubwa wao. Nilimwamkia balozi shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Mkubwa akasema wamepata taarifa kuwa hapa kuna mali imefukiwa. Hawakuingia hata ndani, walikwenda moja kwa moja kwenye matuta.

Mavyaa alikuja kusimama kando yangu. Jembe la kwanza liling'oa mchicha. La pili likaibuka na donge jeusi lenye kudondosha maji, nywele zimening'inia. Kijana aliyelishika jembe alilitupa akarudi nyuma akisoma dua.

Nilielewa alichokiona. Nywele zilizofukiwa uwanjani kwa mtu hazina maana nyingine huku kwetu ila uchawi. Nikafungua mdomo niseme kuwa ni sufu tu ya kondoo. Mavyaa akanishika kifundo cha mkono. Kucha zake zikaniingia. Sikumtazama, lakini nilijua hapo kwamba chini ya tuta lile kuna kitu ambacho sikukiweka mimi.

"Wewe binti," mkubwa aliniuliza, "hiki ni nini?"

Nikisema kweli yote, hofu itawatoka na watachimba mpaka chini. Nikidanganya, nimejitia kitanzi.

"Kimetoka kwetu Lushoto," nikasema. "Alinipa mama yangu."

Hapakuwa na uongo ndani yake. Lakini huku pwani watu wa milimani tunaogopwa kwa dawa, na niliona jinsi balozi alivyosogeza mguu wake usiguse udongo uliotimuliwa. Mkubwa aliamuru wachimbe. Hakuna aliyeinama. Aliamuru tena.

Ndipo mavyaa akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Chimbeni, wanangu. Ila mtakachokitoa mtakirudisha wenyewe."

Mkubwa alilichukua jembe. Alilishika, akalitazama lile donge. Kisha akaliegemeza jembe ukutani na kusema hapa hapana kitu. Walipotoka nikakaa palepale mchangani.

Mavyaa akanieleza. Chini ya tuta kulikuwa na miche ya sabuni na doti za khanga, vimefungwa kwenye nailoni. Alivipata kwa siri kwa ajili ya arusi ya wifi yangu, akavifukia nilipokwenda kuteka maji, mahali ambapo udongo nilikuwa nimeshaulegeza. Nilimwambia wangenichukua mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana nikichimba.

"Ningesema ni vyangu," akajibu.

Sikujua kama nimwamini. Kwa siku nyingi tulipika jiko moja bila kuzungumza.

Nje mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hakuna aliyenunua tena mchicha wangu. Kiangazi kilipokuja, bustani za wengine zikanyauka na yangu ikabaki mbichi, jambo lililozidi kuniharibia. Wanawake walivuka njia wakiniona.

Arusi ilipokaribia walikuja kusaidia kuchambua mchele, maana kutokuja kungekuwa aibu, lakini hawakugusa maji yetu. Mavyaa aliwatazama. Akaingia ndani, akaburuta gunia la sufu lililobaki, akalimwaga katikati ya mkeka. Akaketi juu yake kwa shida, maana miguu yake ilikuwa mibovu, akaanza kuichambua kwa vidole huku akiwaeleza ni manyoya ya kondoo na kazi yake ni nini. "Mkaza mwanangu si mchawi," akasema. "Kama kuna aliyewatisha wale vijana, ni mimi."

Kisha mwanamke mmoja akanyoosha mkono, akachukua kidogo, akanusa, akacheka. Bibi arusi alipotolewa na khanga mpya, waliona wote, na hakuna aliyeuliza zilikotoka. Mimi hasira zilinitoka siku ile.

Baadaye biashara ikafunguliwa, sabuni zikapangwa madukani mpaka dari. Baba aliwauza kondoo wake, sufu ikaisha. Mitumba ikaja, na ndani yake masweta mazito ambayo kwa joto la Tanga hayakuwa na mnunuzi. Nilikuwa nachomoa uzi na kuuchoma. Ukinuka nywele zilizoungua, hiyo ni sufu ya kweli, ukiyeyuka ni nailoni. Muuzaji aliniangushia bei kwa furaha, akidhani naenda baridini. Nyumbani niliyakatakata, nikayalowesha, nikayafukia chini ya nyanya.